Kioo cha Pikipiki

Makanga, Kabale, saa moja asubuhi.
Ukungu bado umeketi juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga.
Mzee Bagorogoza ananifungulia geti na koti lake la ualimu,
na salamu hazijaisha ananiambia:
"Dohani yangu haina neno. Moshi hutoka, nauona.
Nimekuita kwa ajili ya binti yangu tu.
Yuko Kampala, anasoma mambo kwenye simu, hanipi usingizi."

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto.
Mimi ugali wangu uko upande wa pili wa methali:
moto ninauona. Moshi je, umepita wapi?

Natandika gunia mbele ya meko.
Natoa tochi, brashi ya waya, kijiko cha mama
kilichopinda shingo kwa kukwangua,
na kioo cha pikipiki nilichokifunga kwenye ufito.
Nakiingiza kooni mwa nyumba,
nakigeuza kidogo kidogo, natafuta mbingu.
Dohani nzima huonyesha kipande cheupe cha mraba, sawa na stempu.
Leo naona giza, na ndani ya giza
makali ya bati.

Nani aliliweka?
Mpangaji, anakumbuka, yule wa kampuni ya barabara.
Mwaka wa mvua nyingi matone yalikuwa yakimzimia moto.
Alipanda, akafunika, akaacha upenyo wa vidole viwili,
akaweka tofali juu, akahama.

"Na kichwa, Mzee? Asubuhi kinauma?"
Kimya.
"Kinauma. Ni uzee."
"Na paka?"
Nimeona kikapu kando ya meko, kina nywele, hakina mwenyewe.
Alikufa Juni, usiku wa baridi kuu,
bila jeraha, amejikunja vizuri.

Nakwangua. Kuna masizi ya vumbi,
yanayoanguka kama unga wa mtama ulioungua.
Kuna ya magamba.
Na kuna yale yanayong'aa, yameganda kama lami,
yanangoja cheche moja tu yageuke tanuri.
Kijiko kinatoka na haya ya mwisho.
Kuni mbichi za mkalitusi, nasema.
Anasema ndizo za bei nafuu.
Hapo sina jibu.

Mama alipika miaka thelathini kule Rubaya
jikoni pasipo dohani. Moshi ulitoka ulikopenda:
mlangoni, kwenye nyasi za paa, machoni mwake.
Hakuna aliyekuja na kioo.
Siku daktari wa Mbarara alipoiinua picha ya kifua chake dirishani
nilisimama nyuma, nikauona weusi ninaoujua,
nikatamani kuingiza brashi.
Simwambii Mzee haya. Namwambia bati, lami,
ufa wa tofali la sita.

"Andika salama," anasema. "Usiku huu utakuwa wa barafu.
Binti anataka karatasi, mimi nataka moto."
Anaongeza elfu ishirini, zimekunjwa ndogo kama hirizi.
Naandika: MOTO USIWASHWE.
Kalamu inakwaruza. Zile ishirini naziacha juu ya meko.
Ananiita mtoto wa polisi, na ni kweli,
Kiswahili hiki nilizaliwa nacho kambini.
"Baba yako," anasema, "angalau alijua kupokea."

Saa nne usiku nimepita barabara ya chini, injini nimeizima,
pikipiki ikiteremka yenyewe, haina kioo cha kushoto.
Dohani za Makanga zote zinafuka: ya hoteli, ya padri,
ya yule mama wa mbao anayeniahidi kila mwaka.
Ya Mzee, hakuna.
Dirishani taa, na kivuli chenye makoti mawili, labda matatu,
kinakwenda, kinarudi, kinajipiga mabega,
kinanilaani, natumaini, kwa sauti.

Nimekaa hapo mpaka vidole vikafa ganzi,
naitazama dohani isiyotoa kitu.